Andalusia na Mama: jinsi nilivyofuta nusu ya ratiba yangu

Nilipokaa kupanga safari ya Andalusia, kusini mwa Hispania, nilichora jedwali ambalo nikilitazama leo naona haya. Siku nane, miji sita: Seville, Córdoba, Granada, Ronda, Cádiz, na Tangier ng'ambo ya bahari, Moroko. Kwenye ramani yote ilionekana karibu karibu tu. Sikuhesabu jua, wala magoti ya Mama.

Tangier ndiyo niliyoifuta kwanza, na wewe mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya fikiri mara mbili. Feri kutoka Tarifa huchukua kama saa moja, kwa hiyo watu wengi huiita safari ya kwenda na kurudi. Lakini viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Hispania, ikiwa ya kuingia mara moja kazi yake imekwisha ukishavuka mpaka kutoka. Utakunywa chai ya mnanaa vizuri sana, kisha jioni utabaki ufukweni unaitazama Hispania. Ukiitaka Tangier, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja tangu mwanzo, na uulizie masharti ya Moroko kivyake.

Tukabaki na vituo viwili vya kulala: Seville siku tano, Granada siku mbili. Kuburuta masanduku kila asubuhi kunakula siku nzima, hasa mkiwa na mtu mzima.

Halafu kuna joto. La Dar lina unyevu, unatoka jasho na maisha yanaendelea. La Seville ni kavu kama mdomo wa tanuri, linakukausha bila wewe kujua. Julai na Agosti kupita nyuzi 40 si habari ya ajabu. Sisi tulikwenda Juni tukaipata yetu. Siku ya pili nilimtoa Mama saa saba mchana kwenda Plaza de España, jengo la nusu duara lililojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1929. Mama akatafuta kivuli, akakaa, akaangaza kushoto na kulia. "Mwanangu, wenyewe wako wapi?"

Wenyewe walikuwa ndani, wamefunga madirisha. Kuanzia siku hiyo tulitoka saa mbili asubuhi, tukarudi saa saba, tukala, tukalala, tukatoka tena saa kumi na mbili jioni. Juni jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo hukosi kitu. Giralda, ule mnara wa kanisa kuu uliokuwa wa adhana, tulipanda asubuhi. Nilidhani Mama atanisubiri chini. Kumbe ndani karibu njia yote ni mpando wa taratibu, siyo ngazi. Inasemekana ilifanywa hivyo ili mwadhini apande na farasi wake. Mama akanitangulia.

Córdoba ndiyo safari ya siku moja ninayomshauri kila mtu. Treni ya kasi kutoka Seville inachukua kama dakika 45. Ila tiketi yake ni ya treni ile ile, mizigo inapitishwa kwenye mashine kwanza, na milango inafungwa kabla ya muda wa kuondoka. Dada yangu, aliyetokea Ujerumani kuungana nasi, nilimwandikia "stesheni saa 2". Miaka kumi na mbili ya Ulaya imemharibu: akajua saa nane mchana. Tulinunua tiketi nyingine, kwa bei ya siku hiyo hiyo. Mkiwa mmechanganyika, andikeni 08:00 na yaishe.

Msikiti wa kale wa Córdoba ulianza kujengwa karne ya 8, ukafanywa kanisa mwaka 1236, na katikati yake kumesimamishwa kanisa kuu zima. Bado wenyeji wanauita Mezquita. Nguzo zimezidi 800, matao yake mekundu na meupe. Mama alitamani kuswali rakaa mbili. Nikamnong'oneza kwamba ibada ya Kiislamu hairuhusiwi mle na walinzi wako macho. Akasimama mbele ya mihrabu kimya, muda mrefu. Kwenye ratiba yangu mahali hapo palipewa dakika arobaini. Tulikaa saa mbili na zaidi, nikaifuta Medina Azahara, magofu ya mji wa kale nje ya Córdoba, bila kinyongo. Mchana, mkiagiza salmorejo, ile supu nzito baridi ya nyanya, semeni "sin jamón", maana huwa wananyunyizia nyama ya nguruwe juu.

Kosa langu kubwa ni Granada. Tiketi za Alhambra, ile ngome yenye majumba ya kale ya wafalme Waislamu, huisha wiki kadhaa kabla, na ziko za aina mbalimbali. Mimi kwa haraka nikanunua ya bustani, Generalife na ngome, nikidhani nimenunua yote. Majumba ya Nasrid, yenye zile kuta zilizochorwa maandishi ya Kiarabu, hayamo. Nililigundua hilo mlangoni. Soma jina la tiketi hadi mwisho. Ukipata ya majumba, ile saa iliyoandikwa ndiyo saa ya kuingia majumbani, siyo ya kufika lango kuu, na kutoka lango hadi pale ni mwendo. Beba pasipoti yenyewe.

Ronda hatukufika kabisa. Siku yake tuliipa Cádiz: treni ya kawaida, saa moja na dakika arobaini hivi, stesheni iko pembeni mwa mji wa kale, unashuka na kutembea. Hatukukata tiketi ya kuingia popote. Mama alivua viatu pale ufukwe wa La Caleta, akaloweka miguu, akauliza treni ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi.

Nikamwambia ya mwisho ndiyo hiyo ya kwetu. Akasema tuikose.