Lile dole gumba ni langu

Kwimba, Mwanza

Mwanangu,

Pokea salamu zangu. Huku tu wazima, mvua imechelewa lakini mihogo ipo.

Jumapili uliponipigia simu ulikuwa unapanga makaratasi ya marehemu baba yako, yale uliyoondoka nayo baada ya arobaini. Ukaniambia umekuta stakabadhi ya pamba ya mwaka 1971 yenye jina langu na alama ya dole gumba, na chini yake cheti cha kisomo cha mwaka 1975. Ukaniuliza: "Mayu, hili dole ni la nani? Si ulituambia ulisoma? Na kama hukusoma, zile barua za bweni nani alikuwa ananiandikia? Mbona hukutusimulia?" Nikakujibu kwamba nitakuandikia, kwa sababu jambo hili si la kusemea kwenye simu, na kwa sababu nataka ulisome kwa mwandiko wangu.

Dole ni langu. Barua nazo ni zangu, zote. Niliposema nilisoma sikusema uongo, ila niliwaacha ninyi mkadhani nilikaa kwenye dawati kama watoto wengine. Hapo nilikosea, na leo naomba radhi.

Kwetu tulizaliwa sita. Wavulana wawili walipelekwa shule ya misheni, mimi nikabaki na ndama na mtungi. Babu yako hakuwa mtu mkatili, usimfikirie hivyo. Alisema kwa sauti kile ambacho wazee wengi walikuwa wakikisema, kwamba msichana akijua kuandika atawaandikia wanaume barua. Kaka zangu wakirudi jioni walitamka silabi kwa kuimba, nami nikiwa nasaga ulezi nikawa naziimba pamoja nao bila kuzijua sura zake. Nilikuwa na nyimbo za herufi kichwani miaka kumi kabla sijaijua herufi hata moja kwa macho.

Nikaolewa kwa mahari ya ng'ombe kumi na wawili. Mwaka wa pili baba yako akapata kazi mgodini Mwadui, nikabaki kwa bibi yako na shamba la pamba. Ile stakabadhi ni ya msimu huo. Nilipalilia mwenyewe, nikavuna, nikakaa siku nyingi barazani nachambua pamba, safi huku, fifi (ile ya daraja la chini) huku, nikabeba magunia mpaka gulioni. Karani akaangalia mizani, akataja namba, akaandika. Ile mizani ya kuning'iniza ina uso kama wa saa, na mimi niliutazama kama unavyotazama mawingu, unaona kitu kimesogea basi. Halafu hakuniambia "weka dole hapa." Alikishika kidole changu yeye mwenyewe, akakikandamiza kwenye wino, akakipiga kwenye karatasi, kama mtu anayetumia mhuri wake. Nikafuta wino kwa pamba fifi iliyokuwa imedondoka chini. Uliponitajia ile alama nilijisugua kidole, nimeshtuka mwenyewe kuona nakisugua.

Sitaki udhani nilianza kisomo kwa ushujaa wowote. Kisomo kilikuja kwetu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mikoa yetu ya Ziwa ilikuwa imetangulia, kwa sababu tangu 1968 UNESCO na serikali walikuwa wakijaribu huku kile walichokiita kisomo chenye manufaa. Maana yake ni kwamba hukuanza na a, e, i, o, u hewani. Ulianza na kazi yako. Wavuvi walikuwa na kitabu cha uvuvi, wenye migomba cha migomba, sisi tukapewa cha pamba. Neno la kwanza ubaoni lilikuwa pamba. Mwalimu akalikata vipande, pa, mba, akavigeuza, akaviunganisha na vingine. Mwanangu, nilikuwa nimeibeba pamba kichwani na mgongoni maisha yangu yote, na siku hiyo nikaiona imekaa ukutani, nyeupe, herufi tano.

Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa anatuamkia "shikamooni" kwanza, ndipo anatusahihisha. Heshima ile ilinifunga kwenye lile benchi. Tulisomea shule ya msingi, siku tatu kwa wiki, saa kumi alasiri watoto wakishatoka, na madawati yalikuwa madogo, magoti yanagusa kifua. Wewe ulizaliwa 1973 na ukasomea humo, mgongoni. Ukilia natoka nje, nakunyonyesha nikisikiliza dirishani.

Kitu ambacho hakuna aliyekihesabu wakati ule ni kwamba sisi tulikuwa tunabeba mizigo miwili. Nyumbani tuliongea Kisukuma. Kiswahili kilikuwa cha gulioni na cha redio. Kwa hiyo nilikuwa najifunza kusoma katika lugha ambayo nusu ya maneno yake nilikuwa sijawahi kuyatamka. R na l kwangu zilikuwa sauti moja. Niliandika "mahari pa kulala," na mwalimu akanieleza taratibu kwamba mahali ni pale unapokaa, na mahari ni zile ng'ombe. Nilirudi nyumbani nikitamka maneno hayo mawili njia nzima, mpaka ulimi ukakubali kutengana. Mtu akikuambia mtu mzima hajui kusoma kwa sababu ni mzito, muulize kwanza anasomeshwa kwa lugha gani.

Karatasi hazikutosha. Niliandika chini kwa kijiti. Nikiwa napalilia nilivunja ukoka mkavu nikaandika kwenye mkono, maana ngozi ikiwa kavu mstari hubaki mweupe. Nikimaliza tuta nafuta kwa mate, naandika lingine. Bibi yako alikuwa ananitazama, hanikatazi, hanisaidii. Mwaka ule wa kampeni ya Mtu ni Afya, 1973, tulipokaa vikundi kusikiliza redio, nikasomea kikundi maelezo ya choo na ya kichocho, polepole, kidole chini ya neno. Bibi yako alikuwepo. Kesho yake akaniondolea zamu ya kuchota maji siku za kisomo. Hakusema neno, alichukua mtungi akaenda.

Namba nilizishika kabla ya maneno. Msimu mmoja nikasimama mbele ya mizani ileile. Karani alikuwa mwingine, lakini mtindo ulikuwa uleule. Akataja hamsini na mbili. Mshale ulikuwa sitini na mbili. Nikasema, "Sitini na mbili." Sikuinua sauti. Nyuma yangu mstari wote wa wanawake ukanyamaza. Akapima tena, akaandika sitini na mbili, akanipa kalamu, nikaandika jina langu, likachukua muda mrefu na hakuna aliyenihimiza. Watu wakikusimulia habari kama hii husema walifurahi. Mimi nilirudi nyumbani nikakaa chini ya mkuyu, nikajaribu kuhesabu magunia ya miaka yote iliyotangulia, kila gunia kilo ngapi zilibaki kwa nani. Haikuwezekana kuhesabu. Nililia kwa sababu hiyo.

Agosti 1975 tukafanya mtihani wa taifa. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba kati ya watu wazima mia, sitini na saba hawajui kusoma. Baada ya ule mtihani wakatangaza wamebaki thelathini na tisa. Mimi nilipata hatua ya III: kusoma sentensi fupi, kuandika ujumbe, kujumlisha na kutoa. Hicho ndicho cheti ulichokishika.

Na hapa ndipo penye jibu lako hasa, kwa sababu cheti hakikunifundisha kusoma. Mwalimu alihamishwa, darasa likapungua, likafa. Katika wanawake niliokaa nao benchi moja, wengi walisahau. Si kwa uvivu. Mtu akikaa miaka mitatu bila chochote cha kusoma, herufi humtoka. Mimi niliogopa. Nikajiwekea sharti kwamba jua lisizame sijasoma kitu. Kama hakuna kitabu, basi karatasi iliyofungiwa maandazi, hata kama habari imekatwa katikati. Maelezo ya dawa ya pamba kwenye kopo. Mifuko ya mbolea. Kanga migongoni mwa wanawake kanisani, Mungu anisamehe. Gazeti letu la Elimu Haina Mwisho likifika kijijini nilisubiri wenye haraka wamalize, nikalichukua, nikalibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Unaukumbuka ule ukuta wa jikoni? Mlidhani nazuia vumbi.

Halafu mwaka 1980 ukaanza darasa la kwanza. Ukilala nilikuwa natoa madaftari yako kwenye mfuko. Nilifanya hesabu zako kwenye mchanga kabla sijaona zako zilizosahihishwa, kisha nalinganisha. Nilisoma historia yako, jiografia yako, sayansi kimu yako. Ulipopanda darasa nami nilipanda. Mwaka ule uliposhindwa hesabu za sehemu, kumbuka, za kuzidisha sehemu kwa sehemu, nilikesha siku nne na koroboi mpaka nikazielewa, ndipo nikakuambia "hebu njoo tuzitazame." Ukashangaa mama yako amekumbuka mambo ya shule. Sikuwa nakumbuka, nilikuwa nimeyajua juzi. Darasa la saba unalodhani nililimaliza utotoni nililimaliza na wewe, 1986. Mwaka huohuo nikafanya tena mtihani wa kisomo nikapata hatua ya IV. Barua za bweni zikaanza mwaka uliofuata.

Mbona sikuwasimulia? Mwanzoni ilikuwa aibu. Nilitaka mama yenu awe mtu ambaye hakuwahi kushikwa kidole. Baadaye ikawa kitu kingine, na hicho ni cha baba yako.

Alipokuwa Mwadui aliandika kila mwezi. Barua ikifika ilisomwa uani na mtoto wa shemeji yangu aliyekuwa darasa la tano, mbele ya bibi yako na majirani. "Salamu, mimi mzima, pandeni mapema, nitakuja Desemba." Basi. Nilikuwa naona karatasi imejaa pande zote mbili, lakini kusoma kunakwisha haraka. Nilidhani ndivyo kusoma kulivyo, kwamba maandishi huchukua nafasi kubwa na maana ni ndogo. Nilizihifadhi zote kwenye sanduku la bati.

Baada ya kile cheti nikazitoa. Mwandiko wake ulikuwa wa kuunganisha, na mimi nilizoea herufi za kitabuni zilizosimama moja moja. Barua ya kwanza ilinichukua usiku tatu. Katikati ya mbolea na salamu za wazee kulikuwa na mistari minne ambayo haikuwahi kusomwa uani. Barua ya pili nayo ilikuwa nayo, na ya tatu. Miaka minne mume wangu alikuwa ananiambia mambo, na mimi nilikuwa nimekaa nayo kwenye sanduku chini ya kitanda, nikiamini kwamba ni mtu asiyekuwa na maneno.

Yule kijana nilikuja kumuuliza amekwisha kuoa. Akainamisha kichwa, akasema, "Mama mdogo, ningeyasomaje mbele ya bibi?" Alikuwa na haki. Nisingependa ayasome.

Barua yangu ya kwanza kwenda Mwadui niliiandika mwenyewe, nikaenda kuiposti mwenyewe Ngudu kwa miguu. Ilikuwa fupi. Nilimwambia nimezisoma, zote, pande zote mbili. Alipokuja Desemba hakulizungumzia. Alinikabidhi kalamu ya wino iliyofungwa kwenye leso, akaenda kutazama ng'ombe. Tangu hapo mpaka anafariki, tukiwa na neno zito tuliandikiana, hata tukiwa nyumba moja. Ndiyo maana nilipokuambia usichukue lile sanduku la bati nilikuwa mkali. Makaratasi mengine yote ni yenu.

Maneno yenyewe sitakuambia. Ukija mwezi wa kumi na mbili nitakuonyesha karatasi kwa mbali uone mwandiko wake ulivyokuwa mzuri kabla mkono haujaanza kutetemeka.

Ile stakabadhi usiitupe, nirudishie niiweke pamoja na cheti. Na ukipata nafasi ya kupita hospitali ya macho, niulizie miwani. Hii niliyonayo sasa haifai tena kwa mwandiko wa kuunganisha, inanibidi nizipeleke barua mlangoni kwenye jua, na mlangoni kuna watu.

Wasalimie wajukuu. Mwambie mdogo aniandikie mwenyewe, asinitumie sauti kwenye simu.

Mama yako