Vyeti vya kufundishia Kiingereza Guangzhou: anzeni na pasipoti

Shikamoo zenu zimefika, marahaba. Mwezi huu watu sita wameniuliza swali moja. Mmoja ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, aliyemaliza digrii ya ualimu Dodoma na sasa anakaa kwenye kibanda cha miamala ya simu. Wawili niliwafundisha hesabu Morogoro. Waliobaki siwajui, nadhani namba yangu wameipata kwa mama, maana mama hana siri. Wote wanataka kujua: ukitaka kufundisha Kiingereza kwenye mji mkubwa wa China kama huu ninaoishi mimi, unatakiwa uwe na vyeti gani? Mdogo wangu ameshakutana na dalali Kariakoo, ameambiwa atoe milioni nne, viza na kazi vimo humo humo, na baba mdogo ameshaanza kutafuta mteja wa kiwanja.

Vyeti nitavitaja. Ila jamani, mtu wa ofisi ya vibali anaanza na jalada la pasipoti yako, vyeti baadaye.

Kanuni ya China inasema mwalimu wa lugha ya kigeni afundishe lugha yake ya kuzaliwa, awe na digrii ya kwanza aliyoipata kwenye nchi inayozungumza lugha hiyo, na awe amefundisha lugha miaka 2. Ukiwa na digrii ya ualimu au ya lugha, au leseni ya ualimu ya kwenu, au kile cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni wanachokiita TEFL, unasamehewa ile miaka 2. Unasamehewa miaka tu, pasipoti iko pale pale. Na linapokuja suala la lugha ya kuzaliwa, ofisini wanaangalia nchi saba: Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Tanzania haimo. Kenya haimo, na Mganda aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu chekechea naye hayumo. Wapo wachache wenye pasipoti kama zetu waliosoma digrii Uingereza au Marekani wakapokelewa, lakini hilo linategemea mji na afisa uliyemkuta dirishani. Si jambo la kuliuzia kiwanja.

Najua mtaniambia, mbona fulani anafundisha huko na picha anatuma? Anafundisha, kweli. Hata mimi nilifundisha hivyo hivyo, na hapa ndipo sipendi kuficha.

Nilikuja 2016 kwa skolashipu, kusoma shahada ya pili. Posho ilikuwa ya kula na kulala, na nyumbani wanajua ukienda Ulaya au China umeshakuwa benki. Mwaka uliofuata wakala mmoja akanipeleka chekechea moja kwa somo la majaribio. Kwenye lifti akanigeukia: "Wakikuuliza unatoka wapi, sema Cape Town." Cape Town sijawahi kukanyaga mpaka leo. Nikaimba nyimbo za rangi na wanyama, watoto wakanishika mikono na kuisugua kuona kama rangi inatoka, mwalimu mkuu akacheka, nikapata kazi. Yuani 150 kwa saa. Dada wa Kirusi tuliyeingia naye, ambaye tukiongea Kiingereza nilikuwa namsaidia maneno, alipewa 220. Wakala hakuona aibu kunieleza sababu: wazazi wanapenda kuona mwalimu mweupe getini asubuhi.

Miezi minne ikaenda vizuri. Siku moja saa nne asubuhi, nimeshika kadi ya tembo mkononi, msaidizi akaingia mbio, akaninyang'anya kadi na kunivuta mpaka jikoni. Ukaguzi umekuja. Nikasimama nyuma ya masufuria ya mvuke ya mantou, yale maandazi yao meupe yasiyo na sukari, miwani imejaa ukungu, na mpishi ananionyesha kidole mdomoni ninyamaze. Nusu saa. Kisha nikatolewa mlango wa takataka na kuambiwa nisirudi wiki ile. Sikurudi kabisa. Mshahara wa mwezi ule haukulipwa, na nilipoudai wakala aliniuliza swali moja tu: utashtaki wapi?

Alikuwa sahihi. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kufanya kazi nje ya chuo bila ruhusa iliyoandikwa kwenye kibali chako cha ukaazi, na ya biashara hairuhusu kabisa. Ukikamatwa unafanya kazi bila kibali, faini ni yuani 5,000 mpaka 20,000, na wakiona kosa ni kubwa unalala kizuizini siku 5 mpaka 15. Ukirudishwa kwenu kwa nguvu, unaweza kufungiwa kuingia mwaka 1 mpaka 5. Yuani moja ifanyeni kama shilingi 350 hivi, mpige wenyewe hesabu ya hiyo faini. Anayewaambia mje kwa viza ya biashara "halafu mtabadilisha mkishafika" anawauzia mlango wa takataka ule ule.

Tena hata hizo kazi za pembeni zimepungua. Julai 2021 serikali ilivibana vituo vya tuisheni vya masomo ya shule, vingi vikafunga. Simulizi nyingi mnazozisikia za mwalimu kugombaniwa na vituo vitatu ni za kabla ya hapo.

Sasa mimi nimerudi vipi, na nakaa bila kujificha jikoni?

Hesabu ndiyo iliyonirudisha, wala si Kiingereza. Nilimaliza masomo 2019 nikarudi Morogoro kushika chaki. Korona ikafunga mipaka. Ile Aprili 2020 Waafrika walipokuwa wakitolewa kwenye nyumba na hoteli hapa Guangzhou, mimi niliangalia kwenye simu nikiwa kwa mama, nikaapa sirudi. 2023 shule moja binafsi inayofundisha kwa lugha mbili ikatangaza nafasi ya mwalimu wa hesabu kwa Kiingereza. Kumbe anayefundisha somo habanwi na lile sharti la lugha ya kuzaliwa. Wanataka digrii inayoendana na somo, uzoefu usiopungua miaka 2 baada ya kuhitimu, rekodi safi ya polisi, afya, na umri usiozidi miaka 60. Baada ya kuhitimu, nasisitiza. Yale mazoezi ya kufundisha ya chuoni hayahesabiwi, hata kama mkuu wa shule alikusifu.

Makaratasi yalinila miezi mitano. Cheti cha digrii na cha polisi vilipita Wizara ya Mambo ya Nje kupigwa muhuri, kisha ubalozi wa China Dar kupigwa mwingine. Barua ya uzoefu ilibidi iwe na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, somo, saini na simu ya shule. Ile ya kwanza, iliyoandikwa tu "ni mwalimu mwenye bidii", ilirudishwa. Lakini kilichotaka kuniua ni herufi H. Cheti changu cha digrii kina H kwenye jina la baba, pasipoti haina. Kwetu nani anajali? Huku, mtu mwenye H na asiye na H ni watu wawili. Nilizunguka kwa wakili, hati ya kiapo, tafsiri ya Kichina, mihuri upya, wiki sita, kwa ajili ya herufi ambayo marehemu baba mwenyewe hakuwa akiiandika.

Baada ya hapo mwajiri ndiye anayekuombea kibali huku China, na unatumiwa hati inayoitwa taarifa ya kibali cha kazi. Ukiwa nayo ndipo unaomba viza ya herufi Z, ukiwa nyumbani. Hii ndiyo ya kazi. Ukifika, ndani ya saa 24 uandikishwe kituo cha polisi cha mtaa unaolala, na una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Unapimwa tena damu, kifua na moyo hata kama ulipima Muhimbili juzi. Kwa hiyo mkipigiwa simu na mtu anayesema ana kazi, mwulizeni swali moja tu: hiyo taarifa ya kibali cha kazi mtanitumia kabla sijakata tiketi? Akianza kuzunguka, kata simu.

Mshahara? Nalipwa yuani 17,000 kabla ya kodi. Chumba kimoja na sebule wilaya ya Baiyun nalipa 2,600, na siku ya kuingia utatoa miezi mitatu kwa mpigo: miwili dhamana, mmoja kodi. Inatosha, natuma nyumbani, naweka akiba. Lakini naamka saa kumi na moja na nusu, na mkutano wa wazazi ni Jumamosi. WhatsApp huku imefungiwa, haifunguki bila programu ya kuzunguka kizuizi, ndiyo maana nachelewa kuwajibu, si kiburi. Kwenye treni kiti cha pembeni yangu mara nyingine hubaki wazi mpaka mwisho wa safari, na kuna siku bibi mmoja humenya chungwa akanipa nusu. Vyote vinatokea, wakati mwingine ndani ya wiki moja.

Na Kiswahili? Kipo. Vyuo vikuu vya Beijing, Shanghai na Tianjin vinakifundisha, na Radio China Kimataifa ina idhaa ya Kiswahili tangu 1961. Huko lugha ya kuzaliwa ni yetu, hakuna wa kukwambia useme Cape Town. Ila nafasi ni za kuhesabu kwa vidole, na wanachukua watu wenye shahada ya pili ya Kiswahili au isimu, au waliokaa redioni. Wewe binti uliyeniandikia kwamba unasoma Kiswahili Dar na unataka kubadilisha kozi ukachukue Kiingereza ili uje huku, acha kwanza. Usibadilishe.

Cheti cha TEFL cha saa 120 mnachouziwa mtandaoni si uongo, kinatambulika. Lakini kwa mwenye pasipoti yetu, bila kingine, hakipati kibali. Msikinunue cha kwanza.

Mdogo wangu, wewe una digrii ya ualimu, tena ya fizikia na hesabu. Unachokosa ni miaka miwili ya darasani yenye barua. Shule binafsi za Dodoma zinalipa kidogo, najua, lakini barua yao ni ile ile. Mwambie baba mdogo aache kiwanja, na huyo wa Kariakoo usimpe hata ya nauli. Nitumie leo picha ya cheti chako cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha digrii na ukurasa wa picha wa pasipoti, vyote vinne. Nataka kwanza kuona kama jina lako limeandikwa namna moja.