Pampu ya mafuta ya umeme kwenye gari la zamani ikae nyuma kwa tenki, sio kwenye boneti

Mkuu umeuliza kuhusu hiyo Peugeot 504 ya mzee, kwamba ukitoka Masasi kupanda Newala jua la saa nane inakata mafuta, unapaki pembeni, ikipoa inawaka kama hakuna kilichotokea, na fundi kakwambia nunua pampu ya umeme muifunge mbele pembeni ya kabureta kwa sababu waya zinafika kirahisi. Pampu nunua, ila hapo mbele katalia kabisa.

Hizi pampu ndogo za umeme zinasukuma vizuri sana lakini kuvuta hazijui. Ukiiweka mbele inabidi inyonye petroli kutoka nyuma ya gari mpaka kwenye injini, na petroli ikinyonywa presha inashuka kwenye paipu, presha ikishuka inachemka mapema. Sehemu nyepesi za petroli hata bila kunyonywa zinaanza kuchemka kwenye nyuzi 35 mpaka 40 hivi, sasa piga hesabu joto la huku kwetu mwezi wa 11, jumlisha na joto la injini inayopanda mlima na gia namba mbili. Paipu inajaa mvuke, pampu inazunguka bure, kabureta kavu. Ikikaa nyuma inasukuma, paipu yote ya kwenda mbele inakuwa na presha na mvuke unakosa nafasi.

Mimi nina Land Rover 109 stesheni wageni, ile yenye tenki nyuma. Aliyeniuzia alikuwa ameshafungiwa pampu mbele kwenye ukuta wa injini, na ilikuwa inafanya hivyo hivyo kama yako. Ilikuwa na filta ya plastiki ya kuonyesha ndani, nikafungua boneti injini ikiwa ya moto nikaona petroli imebaki kidogo chini, juu mapovu tu yanapita mfululizo. Pampu ile ile tuliihamishia nyuma bila kubadilisha kitu kingine, na njia ya Lindi kwenda Mtwara mchana sasa naenda bila kusimama.

Ukiwa nyuma chagua upande ambao ekzosi haipiti. Funga kwa ndani ya chesisi, usiining'inize chini yake maana barabara zetu za mchanga zile za mashambani kwenye mikorosho katikati kuna tuta na visiki, itang'olewa. Weka raba kati ya pampu na chuma, bila hivyo ule mlio wake unausikia mpaka kwenye siti. Angalia mshale wa pampu uelekee mbele. Filta moja iwe kabla ya pampu kuzuia kutu ya tenki, magari haya tenki zake ndani zimechoka, na nyingine laini mbele kabla ya kabureta. Mpira uwe wa mafuta kweli, sio wa maji, ule wa maji petroli inaulainisha mpaka unapasuka.

Kitu kingine, presha. Usichukue pampu ya gari la injekshen ukadhani kubwa ndo nzuri, zile zinatoa PSI (kipimo cha presha) 40 na zaidi, sindano ya kabureta inayofunga mafuta yakijaa haiwezi kuzuia, petroli itafurika juu ya injini ya moto na hapo unaongelea moto. Kabureta inataka kama PSI 2 mpaka 4, basi.

Umeme uchukue kwenye betri kupitia fyuzi na rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo wa pampu), swichi ya funguo iwashe rilei tu. Hapa nakuomba sana usiruke: ongeza swichi ya presha ya oili, inayokata umeme injini ikizima, au ile ya kukata umeme gari likigonga. Pampu ya zamani inaendeshwa na injini, injini ikizima nayo inasimama, hii ya umeme ajali ikitokea funguo ikiwa on na paipu imekatika inaendelea kumwaga petroli na watu wako ndani. Ethi, yaani waya wa pampu unaofungwa kwenye bodi, usifunge juu ya rangi, kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi, kwa sisi tunaolaza gari Mikindani chumvi ya bahari inakula hicho kiungio haraka mno na pampu inaanza kudhoofika taratibu, watu wanailaumu pampu.

Ile pampu ya zamani ya kwenye injini itoe, ziba tundu lake kwa bati nene na gasketi. Ukipitisha mafuta ndani yake na daiaframu yake (ule mpira mwembamba wa ndani) imechanika, petroli inashukia kwenye oili. Kabla hujaanza kazi vuta stiki ya oili uinuse, kama inanuka petroli mwaga hiyo oili kwanza.

Ukimaliza chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa mbali na injini, injini ikiwa ya baridi, washa funguo (kama umefunga swichi ya presha ya oili, iunganishe moja kwa moja kwa jaribio hili tu) uangalie: mafuta yatoke mfululizo bila mapovu. Yakija na mapovu kuna klipu inavuta hewa kati ya tenki na pampu, anzia huko.