Kabla ya Kuunganisha Chanzo cha Data: Kwa Wanaoanza Kazi ya Uchambuzi Kiwandani

Mtu anayekabidhiwa programu ya uchambuzi wa data za kiwanda kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kazi kubwa ni kuifikisha programu hiyo kwenye data. Hutafuta anwani ya seva, huomba nenosiri, hubonyeza kitufe cha kujaribu muunganisho, na alama ya kijani inapojitokeza hushusha pumzi. Nami nilishusha pumzi hivyo hivyo nilipoanza katika kiwanda kimoja cha sukari, na ilinichukua karibu msimu mzima wa kusaga miwa kutambua kwamba alama ile ilinithibitishia jambo moja tu, yaani kwamba kompyuta mbili zinasikilizana. Kuhusu nambari zilizokuwa zikiingia, zilipimwa saa ngapi, kwa kizio gani, na kama kipimaji kilikuwa kizima wakati huo, haikusema lolote.

Kiwanda cha sukari ni darasa zuri la kazi hii kwa sababu vyanzo vyake havifanani hata kidogo. Uzito wa miwa hutoka kwenye mizani ya malori, ambayo huandika kila lori katika hifadhidata ya SQL. Joto, shinikizo na mtiririko wa mvuke hutoka kwenye mfumo wa udhibiti wa mitambo na kuwekwa katika historiani, yaani hifadhi maalumu ya vipimo vinavyofuatana kwa wakati. Umeme unaozalishwa kwa kuchoma makapi ya miwa husomwa kutoka kwenye mita zinazotumia Modbus (lugha ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani), vipimo vya briksi, yaani kiasi cha sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka katika maji ya miwa, hutoka maabara vikiwa katika faili la Excel, na mengine yote, kama vile kinu kuziba au pampu kubadilishwa, huandikwa kwa kalamu katika daftari la zamu. Meneja akiuliza swali linaloonekana jepesi, kwa mfano kwa nini jana tulitumia mvuke mwingi kwa kila tani ya miwa, jibu lake linadai vyanzo viwili au vitatu visomwe kwa pamoja, na hapo ndipo wakati unapogeuka kuwa tatizo la kwanza.

Historiani nyingi huhifadhi muda kwa UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima, na kuugeuza kuwa saa za mahali pale tu mtumiaji anapotazama grafu. Mizani yetu ilihifadhi saa ya ukutani bila kutaja ukanda wowote. Kwa kuwa Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya UTC na haibadilishi saa kwa majira, kosa la hapa huwa la saa 3 kamili mwaka mzima, na ubaya wa kosa lisilobadilika ni kwamba grafu hubaki laini, hakuna kinachoruka wala kukatika, na kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Afadhali hata kompyuta niliyoikuta kwenye mtambo mmoja uliofungwa na wataalamu kutoka Ulaya, ambayo iliachwa kwenye ukanda wa saa wa kwao: hiyo iliruka saa moja mwishoni mwa Machi na tena mwishoni mwa Oktoba, tukaigundua kwa sababu iliruka.

Liko pia kosa ambalo sijalikuta katika mwongozo wowote wa programu hizi, kwa kuwa walioziandika hawahesabu saa kama sisi. Waendeshaji mitambo walijaza daftari kwa saa za Kiswahili, kama ilivyo kawaida, na karani akanakili kwenye Excel kile alichokiona. Kipimo cha saa 2:30 asubuhi kikaingia kwenye programu kama 02:30, saa 6 kabla ya wakati wake, na kipimo cha saa 2:30 usiku kikatua mahali hapo hapo, kwa hiyo kwa kila siku tulikuwa na nambari mbili zinazogombea dakika moja. Juu ya hayo, zamu ya usiku iliyoanza saa 4 usiku tarehe 14 iliandika tarehe 14 juu ya ukurasa na kuendelea nayo hadi asubuhi, ilhali kipimo cha saa 8 usiku ni cha 02:00 ya tarehe 15. Wengine watakushauri uwaagize waendeshaji waandike kwa mtindo wa saa 24. Mimi nilijaribu, na matokeo yake yalikuwa daftari lenye mitindo miwili katika ukurasa mmoja, jambo ambalo ni baya kuliko mtindo mmoja wowote. Niliporudi kwenye busara, niliongeza safu ya zamu kwenye faili, nikaacha saa ziandikwe zinavyotamkwa, kisha kanuni ya uingizaji ikafanya ugeuzaji: saa za mchana huongezwa 6, saa 1 hadi saa 5 za usiku huongezwa 18, na kuanzia saa 6 usiku hadi mwisho wa zamu huondolewa 6 na tarehe kusogezwa mbele siku moja.

Utajuaje basi kwamba vyanzo vyote vinakubaliana? Chagua tukio moja ambalo kila chanzo lazima kiwe kimeliona. Kwetu lilikuwa ni kukatika kwa umeme. Umeme ukikatika, mita huonyesha sifuri, mtiririko wa mvuke hushuka, mizani husita kutoa tiketi, na mwendeshaji huandika katika daftari lake, mara nyingi kwa hati ya hasira. Weka vyanzo hivyo vyote katika dirisha moja na utazame kama vinaanguka pamoja. Tofauti ya dakika chache hutokana na saa za kompyuta zisizolinganishwa, tofauti ya saa 3 ni ukanda, na tofauti ya saa 6 unaijua. Sijakutana na jaribio lingine linalofichua mengi kwa gharama ndogo kiasi hiki, na siku hizi sikubali kutoa ripoti yoyote kabla ya kulifanya.

Baada ya wakati, hofia maana ya nambari zenyewe. Rejista moja ya Modbus, yaani kisanduku kimoja cha nambari ndani ya mita, hubeba biti 16 tu, kwa hiyo nambari ya desimali ya biti 32 hukaa katika rejista mbili, na watengenezaji wa mita hawakukubaliana ipi itangulie. Ukizipindua, hutapata ujumbe wa kosa, bali nambari. Ndiyo maana ninaposanidi mita mpya huanza na rejista ya masafa ya umeme, kwa sababu kila mtu anajua inapaswa kuwa karibu na hertsi 50. Nikiona kitu kilicho karibu na sifuri, au nambari isiyo na kichwa wala miguu, nageuza mpangilio wa rejista kabla ya kugusa kingine. Vivyo hivyo, kijumlishi kinachohifadhiwa kama desimali ya biti 32 kikifika 16,777,216 hakiwezi tena kuongezeka kwa moja moja, na utakaa ukishangaa kwa nini uzalishaji umesimama wakati mtambo unanguruma.

Alama za ubora, yaani nambari inayoandamana na kila kipimo kusema kama kinaaminika, ndizo ambazo wageni hupenda kuziacha nje ili jedwali liwe jepesi. Msiziache. Waya wa kipimaji cha miliampea 4 hadi 20, ambacho 4 ndiyo chini kabisa ya kipimo, ukikatika, shinikizo linaweza kusomeka kuwa hasi au kubaki kwenye thamani ya mwisho, na alama ya ubora ndiyo pekee itakayokuambia kwamba hapo hakuna kipimo. Ila soma kwanza alama hizo zimetoka wapi: katika OPC ya zamani (OPC ni kanuni ya kupitisha data kutoka mitambo hadi programu) 192 ni nzuri na 0 ni mbaya, ilhali katika OPC UA 0 ndiyo nzuri. Mwenzangu mmoja aliwahi kuchuja data nzima kwa kanuni ya zamani kwenye seva mpya, akabaki na mabaki mabovu tu, na akayachambua kwa wiki mbili.

Kuhusu mafaili nitasema machache. Tarehe 03/04 ni Aprili kwetu na ni Machi kwa Marekani, na programu iliyosanidiwa kwa mtindo wa Marekani itakubali siku 12 za kwanza za kila mwezi kimakosa na kuanza kulalamika siku ya 13 tu. Kwa hiyo agiza mtindo wa 2024-04-03 na usiukubali mwingine. Excel huishia mistari 1,048,576 kwa ukurasa, na kipimo kimoja kinachochukuliwa kila sekunde hujaza nafasi hiyo kwa siku 12 na ushei.

Ombeni akaunti ya kusoma tu, iliyo ya programu na si ya mtu. Akaunti ya mtu hufa siku mwenyewe anapoacha kazi, na mara nyingi hufa mwishoni mwa mwezi, wakati ripoti inasubiriwa. Hata akaunti ya kusoma tu inaweza kudhuru. Katika msimu wangu wa kwanza niliagiza data za mizani za miaka 5 kwa ombi moja, saa 4 asubuhi, moja kwa moja kutoka kwenye seva iliyokuwa ikipima malori. Mizani iliganda. Foleni ya malori ilifika barabara kuu, na miwa iliyokwisha kukatwa hupoteza sukari kadiri inavyokaa, kwa hiyo kila dakika ya foleni ile ilikuwa na bei. Tangu hapo huchota historia usiku, mwezi mmoja mmoja, na ikiwezekana kutoka kwenye nakala ya hifadhidata.

Uingizaji wa kila siku usianzie pale ulipoishia jana. Maabara hurekebisha matokeo hata siku mbili baadaye, na ukichukua mistari mipya pekee utabaki na takwimu ambazo maabara yenyewe imekwisha kuzikanusha. Mimi huchukua tena siku 3 za mwisho kila mara, nikitambulisha kila mstari kwa ufunguo wa sampuli na wakati ili mstari wa zamani ubadilishwe badala ya kurudiwa.

Mwisho, tunzeni daftari la tagi, yaani majina ambayo mfumo huvipa vipimo vyake. Jina la tagi kama lilivyo kwenye mfumo wa udhibiti, kizio chake, upeo wa kipimaji, na kama thamani zake zichorwe kwa mteremko (mstari ukiunganisha nukta na nukta) au kwa ngazi (thamani ikibaki ile ile hadi ibadilike), kwa sababu pampu iliyo kwenye 0 au 1 ikichorwa kwa mteremko programu itakuambia iliwaka nusu. Safu ninayoithamini kuliko zote ni ile ya fundi wa kuulizwa. Wakati wa masika kiwanda husimama, mafundi hubadilisha vipimaji, na kipima shinikizo cha bar 0 hadi 25 hurudi kikiwa cha bar 0 hadi 40 chini ya jina lile lile. Kwa hiyo wiki moja kabla ya kinu kuanza kusaga, mimi huchukua daftari hilo, nikawafuata mafundi mmoja mmoja karakana, nikiwasomea mstari kwa mstari.