Pima puli ya snapshoti kwa siku za giza, si kwa wastani wa mwezi

Ukisimamia seva za kampuni inayonunua dagaa hapa Mwanza, mwezi wa angani unakuhusu kama unavyomhusu mvuvi. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi ya dagaa hukaa ufukweni, maana usiku mweupe taa haziwavuti dagaa. Giza likiingia mitumbwi inatoka, na asubuhi mzigo unamiminika kwenye soko la Mwaloni, Kirumba: mizani, risiti, malipo ya simu, madeni ya wanunuzi wa Kongo na Burundi. Kila gunia linaingia kwenye kanzidata, na kila kinachoandikwa juu ya data ya zamani kinakula puli ya snapshoti, yaani nafasi ya diski inayotunza data jinsi ilivyokuwa wakati snapshoti ilipochukuliwa.

Nawaandikia wenzangu wa TEHAMA wa Kanda ya Ziwa kwa sababu nimeona puli nyingi zimepangwa kwa asilimia iliyochukuliwa tu kwenye mwongozo. Voliumu, yaani eneo la diski linalobeba data, ina ukubwa huu, asilimia 20 iwe ya snapshoti, kazi imekwisha. Hapo hakuna aliyeuliza biashara yenyewe inaandika nini na lini.

Snapshoti hainakili data yote inapochukuliwa, ndiyo maana inamalizika kwa muda mfupi sana. Kwenye mifumo mingi, bloku, yaani kipande kidogo cha data kwenye diski, ikitaka kubadilishwa, ile ya zamani hunakiliwa kwanza kwenye puli, halafu mpya ndiyo inaandikwa. Mingine, kama mfumo wa faili wa ZFS, huandika bloku mpya mahali pengine na kuiacha ya zamani palepale. Kwa vyovyote, kinachokula nafasi ni mabadiliko. Voliumu kubwa ya picha za mikataba ya zamani inaweza kukaa mwaka mzima bila kugusa puli, wakati ile ndogo ya risiti inaimaliza ndani ya wiki.

Tuchukue mfano wa voliumu ya gigabaiti 2,000, snapshoti moja kila usiku, kila moja ikitunzwa siku 7. Siku za mbalamwezi data inabadilika asilimia 1, yaani gigabaiti 20. Siku za giza inafika asilimia 4, gigabaiti 80. Ukichukua wastani wa 50 ukazidisha kwa 7 unapata 350, na puli ya 400 inaonekana inatosha na kubaki. Sasa hesabu giza linapoingia: puli inaanza na 140 za siku saba za mbalamwezi, na kila siku 80 zinaingia huku 20 za zamani zikitoka; siku ya nne puli ina 380, siku ya tano inahitaji 440. Imejaa, na wiki ya kazi kubwa ndiyo kwanza inaanza. Hesabu ya kweli ni 80 mara 7, yaani 560, na juu yake weka nafasi ya tahadhari. Mimi nisingeshuka chini ya 700.

Kujaa kwenyewe hakufanani kila mahali, na lazima ujue mfumo wako unafanya nini siku hiyo. Snapshoti ya LVM, mfumo wa Linux wa kusimamia voliumu, ya mtindo wa zamani ikijaa inabatilika na hairudi tena, ila voliumu ya kazi inaendelea. Puli ya LVM ya mtindo mpya, ile inayotoa nafasi kadiri inavyohitajika, ni hatari zaidi. Ikijaa, maandishi mapya kwenye diski yanasubiri, kwa kawaida sekunde 60, kisha yanaanza kurudisha makosa, na karani aliyeko kwenye mizani anakwama na foleni ya watu mbele yake. Mifumo mingine hufuta yenyewe snapshoti za zamani ili ipumue. Hilo linasikika vizuri mpaka ukumbuke virusi vinavyofunga data na kudai fidia: vinabadilisha karibu kila bloku, puli inafurika, na mfumo unafuta zilezile snapshoti ambazo zingekuokoa.

Kwenye LVM angalia safu ya Data% kwa amri ya lvs, na usiiache Meta%, maana kwenye puli ya mtindo mpya eneo la metadata, yaani ramani ya mahali bloku zilipo, nalo hujaa kivyake. Kisha fungua faili la mipangilio, lvm.conf, utazame snapshot_autoextend_threshold kwa snapshoti za mtindo wa zamani; kwa puli ya mtindo mpya jina linaanza na thin_pool badala ya snapshot. Ikiwa ni 100, kama inavyokuja, kujiongeza kumezimwa. Weka 70, na snapshot_autoextend_percent iwe 20, lakini hakikisha kundi la voliumu, yaani diski ambazo voliumu zinakatwa kutoka kwake, lina nafasi tupu. Bila hiyo hakuna cha kuongezwa.

Mtu wa kumsikiliza kuliko grafu yoyote ni karani wa mizani. Wetu hunipigia mapema: "Kaka, leo mitumbwi inatoka, kesho tunaanza saa kumi na moja." Namjibu, "Asante dada, naangalia puli sasa hivi." Taarifa hiyo inanipa usiku mzima wa kuongeza nafasi. Onyo la asilimia 85 lingenifikia katikati ya kazi.

Kazi nzito zinazobadilisha bloku nyingi kwa mkupuo, kama kujenga upya faharasa za kanzidata au kuhamisha majedwali, zipange siku za mbalamwezi.

Kitu kinachoniudhi kweli ni snapshoti za mkono. Fundi wa nje anakuja kusasisha programu, anachukua snapshoti anaiita "kabla", kazi inafaulu, anapanda basi lake Nyegezi. Miezi inapita, snapshoti ile bado imeshikilia kila bloku iliyobadilika tangu siku ile. Kwangu hakuna snapshoti ya mkono isiyo na jina la mhusika na tarehe ya kufutwa ndani ya jina lake.

Ukitaka kufuta, usidanganywe na safu ya USED kwenye ZFS. Inaonyesha nafasi ya snapshoti hiyo peke yake tu. Bloku zinazoshikwa na snapshoti mbili au zaidi hazihesabiwi kwa yeyote kati yao, kwa hiyo kumi zinazoonekana ndogo zinaweza pamoja kushikilia nafasi kubwa sana. Jaribu kwanza zfs destroy -nv kwa mfululizo mzima. Haifuti kitu, inakuambia tu kiasi kitakachorudi. Na kufuta faili za zamani kwenye voliumu ya kazi hakurudishi nafasi kama snapshoti bado inazishika.

Mwisho kuna suala la nakala rudufu, ambalo mabosi hulichanganya na snapshoti. Snapshoti inaishi kwenye diski zilezile. Diski zikiungua kwa umeme uliorudi kwa kishindo, vyote vinaondoka pamoja. Tumia snapshoti ya usiku kama chanzo cha nakala inayotoka nje ya jengo, ukiituliza kanzidata kwa muda mfupi kabla ya kuichukua ili isinakiliwe ikiwa nusu ya muamala. Kisha, walau mara moja kwa mwezi, irudishe nakala hiyo kwenye seva nyingine, chagua risiti moja ya wiki iliyopita, na umwombe karani ailinganishe na kitabu chake cha mizani.