Kwa nini damu haipimwi VEGF kabla ya sindano ya jicho?

SWALI: Mama yangu ana miaka 61 na ameugua kisukari kwa miaka 18. Daktari wa macho alisema jicho lake la kushoto limeota mishipa mipya ya damu kwa sababu protini ya VEGF imezidi. Alimpiga leza, na sasa anataka kumdunga sindano jichoni. Mbona hakumpima damu kwanza ajue kiwango chake? – Msomaji, Pangani, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, kipimo cha damu kisingemfaa daktari, kwa kuwa VEGF inayomsumbua mama hutengenezwa mumo humo jichoni. Kisukari cha muda mrefu huziba vijishipa vinavyoilisha retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, nayo ikikosa oksijeni hutoa protini hiyo ili mishipa mipya iote. Mishipa hiyo huota ovyo na ni dhaifu. Ikipasuka, mgonjwa huona kama masizi yanaelea mbele yake.

Kupata kiwango chenyewe kungehitaji kufyonza majimaji ya ndani ya jicho, kazi ya watafiti zaidi kuliko ya kliniki. Watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 1994 walipima majimaji ya wagonjwa 164 waliokuwa wakipasuliwa macho, wakakuta VEGF nyingi kwa wenye mishipa mipya inayoendelea kuota; leza ilipofaulu, kiwango kilishuka kwa asilimia 75. Wengi hudhani leza huchoma mishipa mipya yenyewe, kumbe huchoma pembezoni mwa retina, palipo na njaa ya oksijeni, ili mahitaji yapungue.

Sindano hunasa VEGF iliyokwisha kutolewa. Jicho hutiwa ganzi, kisha huingizwa dawa ya mililita 0.05, takriban tone moja, katika ute wa kama mililita 4. Nguvu yake huisha baada ya wiki kadhaa ilhali retina bado ina njaa, na ndiyo maana kukosa miadi kwa anayetegemea sindano pekee ni hatari kubwa, kwa maoni yangu kubwa kuliko sindano yenyewe. Muulizeni daktari pia kama kuna kovu linaloivuta retina, kwani baada ya dawa kovu hilo huweza kujikunja na kuibandua.

Siku hiyo msimwache aende peke yake: matone ya kutanua mboni humfanya mtu aone ukungu kwa saa kadhaa, na Barabara ya Thika si ya kuvukwa katika hali hiyo.