Kampuni ndogo nayo inahitaji kanuni za kazi zilizoandikwa?

Mkuu umeuliza kama kampuni ya watu kumi na tano ina haja kweli ya kuandika kanuni za kazi, maana bosi wako anasema nyie ni familia na mnaelewana. Nakujibu kwa niliyoyaona, nilikua supavaiza kwenye duka moja la jumla hapa Dar na sisi tuliimbiwa hivyo hivyo, familia familia.

Kanuni zote zilikua mdomoni kwa meneja. Wewe ukichelewa dakika kumi unasemwa mbele za watu, mwenzako anaingia saa nne anaulizwa tu foleni ilikuaje. Shoti (yani hela ya droo kupungua) ikitokea kaunta kuna keshia anakatwa yote mwisho wa mwezi bila hata karatasi, na kuna ambae ni ndugu wa mwenye duka anaambiwa awe makini siku nyingine. Watu wanakaa kimya ila wanaona, na mtu akishaona hivyo hajitumi tena, anasubiri saa ya kutoka tu.

Ikafika siku dada mmoja keshia, mchapakazi kabisa, akapata shoti akaambiwa jioni ile ile kesho usije. Akaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi (na hapo jua una siku 30 tu tangu uachishwe kupeleka malalamiko yako). Tulivyokaa kwa msuluhishi swali la kwanza halikua hela iko wapi, aliuliza hiyo kanuni mnayosema kaivunja imeandikwa wapi na yeye aliijulia wapi. Meneja kila akiulizwa anajibu "wote wanajua". Na msuluhishi hakujitungia, GN 42 ya 2007, yani kanuni za serikali za utendaji bora kazini, ndo inataka hivyo: kanuni iwepo, iwe inaeleweka, mfanyakazi awe anaijua, na itumike sawa kwa wote. Kwetu hata kimoja hakikuwepo, kampuni ikalipa yakaishia hapo hapo.

Na yale makato ya shoti nayo hayakua halali. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka hasara iwe imetokana na kosa lako, uandikiwe ni kiasi gani na kwanini, upewe nafasi ya kupinga, ukubali kwa maandishi, na isizidi robo ya mshahara. Nani alikua anatuambia hayo?

Baada ya pale tukaandika kurasa chache, Kiswahili kitupu. Droo inahesabiwa na watu wawili kila zamu inapobadilika na wote wanasaini, hiki peke yake kilipunguza ugomvi kuliko vikao vyote vya asubuhi. Likizo ya siku 28 unaiomba kwa nani, onyo linaanzia wapi, na ukiitwa kikao cha nidhamu unapewa si chini ya masaa 48 ujiandae na unaruhusiwa kuja na mwenzako.

Ila msije mkadownload makaratasi ya Kiingereza ya kampuni kubwa mkawapa watu wasaini, mtu kasaini asichokielewa halafu kesho unasema alikua anajua, hapana kwakweli.

Kama bosi anaona ni kazi kubwa muanze na vinavyogombanisha watu kila siku, droo, shoti, kuchelewa na likizo, kila mtu aondoke na nakala yake, ndugu wa bosi nao wasaini. Mengine mtaongeza mbele ya safari.